Samaki Chini ya Shuka la Mama Nduta

(Imenakiliwa neno kwa neno na Vivian, katibu wa afisi. Uwanja wa kanisa, Kiminini, saa sita na nusu mchana, jua kali. Hema moja la wageni, viti vya plastiki, jenereta moja. Mbele ya jukwaa pana meza, na juu ya meza tangi la kioo limefunikwa kwa shuka la maua. Kwenye kipaza sauti ni Mheshimiwa Wekoye, Mratibu Mkuu wa mradi.)

Mheshimiwa Mgeni wa Heshima kutoka Nairobi, ambaye yuko njiani. Waheshimiwa wanaomsindikiza Mheshimiwa Mgeni wa Heshima, ambao kwa sababu hiyo nao wako njiani. Wazee wa mtaa, wenyeviti wa vikundi, waliokuwa wenyeviti wa vikundi na wale ambao nawaona kwa macho yao wangependa kuwa wenyeviti wa vikundi. Pasta Ngari na viongozi wote wa kiroho. Bwana Mbugua, mwenye jenereta. Mama Nduta, mwenye shuka. Wadau, washikadau na mastekholda. Na wewe mwananchi wa kawaida uliyesimama juani kwa kuwa hema ni la wageni: itifaki zote zimezingatiwa, na zile ambazo hazijazingatiwa zitazingatiwa katika awamu ya pili. Bwana asifiwe! (Amina.) Bwana asifiwe tena! (Amina, ya watu wachache zaidi.) Mulembe! Chamgei! Mũrĩ ega! (Kila upande uliitikia salamu ya lugha yake, kisha ukaangalia saa.)

Ndugu zangu, mimi ninayesimama mbele yenu si mtu mdogo. Nimehudhuria warsha Naivasha, nimehudhuria warsha Kisumu, na mwaka jana nilihudhuria warsha ya kutathmini zile warsha mbili. Na katika kuzunguka kote huko nilijiuliza swali moja, swali ambalo wataalamu wengi wameliogopa: mbona sebule ya mkulima wa Trans-Nzoia na sebule ya mfanyabiashara wa Bungoma zina makochi, zina vitambaa vya makochi, zina kalenda nne za miaka iliyopita, lakini hazina samaki aliye hai? Tulifanya utafiti. Tuligundua kwamba asilimia tisini na saba nukta nne ya sebule za kanda hii hazina samaki, na hiyo asilimia mbili nukta sita iliyobaki ilikuwa na samaki mezani, amekaangwa, na watafiti wetu walikaribishwa. (Kicheko. Mheshimiwa alisubiri kiishe, kikaisha mapema.)

Hapo ndipo ulipozaliwa Mpango wa Pamoja wa Samaki Sebuleni, Kanda ya Kitale na Bungoma, ambao ni mpango jumuishi, shirikishi, himilivu na wa kimkakati, wenye fremuweki, wenye rodimapu, wenye nembo, na ambao unalenga kwamba ifikapo mwisho wa mchakato, kila kaya, narudia kila kaya, kuanzia Kapenguria Road mpaka stesheni ya Bungoma, iwe na tangi la kioo la maji baridi lenye samaki wa kupendeza, ili mwananchi akitoka shambani na matope miguuni aketi, atazame, atulie, na asahau bei ya mbolea. (Makofi. Watano, wanne wakiwa wa afisi yetu.)

Na leo, wapendwa, hatutazindua maneno. Leo tunazindua tangi! Hili hapa, chini ya shuka hili. Ndani yake wamo samaki watatu wa dhahabu, wazima, wenye afya, wa mradi. Sitaki kufunua. Mnajua desturi yetu: kitu hakifunuliwi kabla mgeni wa heshima hajafika akashika ncha ya shuka na kupigwa picha. Tangu saa mbili asubuhi tangi hili liko tayari, na litabaki limefunikwa hivyo hivyo hadi afike. Kwa sasa ninaarifiwa yuko Moi's Bridge. (Sauti ya mwanamke, mstari wa kwanza: “Mheshimiwa, mliniambia litafunikwa kwa saa moja tu.”)

Naam, na hapo mbele mnamwona Bi Chepkorir, mnufaika wetu namba moja! Simama, mama, usalimie watu. (Bi Chepkorir alikuwa tayari amesimama.) Mnamwona? Huyu ndiye sura ya mradi. Kabla ya mradi wetu, Bi Chepkorir alikuwa mama wa kawaida wa Kiminini. Leo ana tangi. (Bi Chepkorir: “Tangi nilikuwa nalo. Ni langu. Mmeliazima.”) Anasema ni lake! Hiyo ndiyo tunaita umiliki wa jamii, mabibi na mabwana! Mradi usiomilikiwa na mwananchi hauna sasteinabiliti. Mpigieni makofi. (Alipigiwa. Hakuketi.)

Sasa, kwa kuwa mgeni wetu bado yuko Moi's Bridge, ngoja niwape elimu kwa umma kuhusu kufuga samaki nyumbani, ambayo nimeiandaa mwenyewe kwa kushirikiana na kijitabu. Kijitabu kinasema kwamba ukishalijaza tangi maji na kuwasha chujio, ungoje mwezi mzima kabla ya kutia samaki, ati kuna vijidudu vizuri vinavyotakiwa kukua kwanza kwenye sponji ya chujio ili viule uchafu wa samaki. Mwezi mzima! Mimi nikasema hapana. Huo ni urasimu. Serikali zilizopita ndizo zilizomfanya mwananchi asubiri vijidudu. Mpango wetu ni wa matokeo ya haraka: maji asubuhi, samaki asubuhi hiyo hiyo, mgeni mchana. (Bi Chepkorir: “Kwani hamkubeba maji yangu? Mzee aliyekuja kuchukua tangi aliniambia mtayabeba kwa mitungi!”)

Mama, tafadhali, utapewa nafasi kwenye neno la shukrani. Ila kwa sababu ameuliza, na sisi ni watu wa uwajibikaji, nitajibu. Yale maji yalikuwa ya kijani kidogo. Kuta za tangi zilikuwa na utelezi. Lile sponji lilikuwa na rangi ambayo mgeni kutoka Nairobi haonyeshwi. Kwa hiyo kamati ya usafi iliyamwaga yote, ikasugua tangi kwa sabuni ya unga, ikaosha sponji mpaka likawa jeupe kama la dukani, halafu tukajaza maji ya mfereji, na kwa kuwa hawa ni samaki wa heshima tukaongeza vifuniko viwili vya ile dawa ya kutibu maji ya kunywa. Vifuniko viwili! Nyumbani kwangu natia kimoja. (Hapa watu walicheka, halafu wakamwona Bi Chepkorir ameshika kichwa, wakaacha.)

(Bi Chepkorir, kwa sauti kubwa: “Hiyo dawa inachoma samaki kwa matamvua, pale wanapumulia, wee! Maji ya mfereji lazima yalale kwa ndoo siku nzima! Mimi huwatolea robo ya maji kila Jumamosi, robo tu, na sponji nalisuuza kwa maji yao ya zamani. Miaka miwili hakuna amekufa! Mnifunulie niwaone!”)

Mnasikia ujuzi huo? Hayo ni mafunzo ya mradi, yameiva! (Sauti ya kijana nyuma: “Si mfunue tu, mheshimiwa, muone kama wako poa!”) Kijana, itifaki. Shuka likifunuliwa sasa, mgeni atafunua nini? Tutalifunika tena tujifanye hatujaona? Hapana. Serikali haijifanyi.

(Hapa mimi, Vivian, nilimpa mheshimiwa karatasi.)

Naarifiwa kwamba mgeni wa heshima bado yuko Moi's Bridge, ambako amesimamishwa na wakulima wa mahindi waliotaka kumsalimia, na amekubali kunywa chai. Chai ni maendeleo. Basi niendelee na takwimu. Katika robo hii ya mwaka, mpango umefikia kaya elfu kumi na mbili mia nne na sita. Kufikia, katika lugha ya kitaalamu, kuna maana kwamba gari letu lilipita karibu. Tumefanya uhamasishaji, tumefanya uhamasishaji wa wahamasishaji, na kuridhika kwa wananchi kumepanda kutoka asilimia sitini hadi asilimia mia na kumi na nne. (Mzee mmoja kwenye hema aliomba arudie. Alirudia. Ilikuwa mia na kumi na nne bado.)

Ningependa pia kugusia utamaduni. Wapo waliotuonya kwamba watu wetu, hasa kule Bungoma, mgeni akiingia nyumbani na kukuta samaki anaogelea, ataketi, atanawa mikono na kungoja ugali. Na kweli katika majaribio jambo hili lilitokea. Shemeji alifika, akakaribishwa, akamtazama samaki, akakaa mpaka jioni, akaletewa chai na mkate, akaondoka amenuna, na sasa familia hizo mbili zinapatanishwa na kanisa. Ndiyo maana tumeandaa kibandiko cha kuweka kwenye kioo chenye maneno: MIMI SI WA KULIWA. Kibandiko kiko katika hatua ya zabuni.

(Bi Chepkorir alikuwa amesogea karibu na meza. Aliinama, akatazama chini ya meza, akafuata waya kwa macho hadi kwenye jenereta. Kisha akamwita mwenye jenereta: “Mbugua! Pampu yao ya hewa iko wapi?” Bwana Mbugua alijikuna shingo. “Mama, jenereta iko na soketi moja tu nzuri. Nilikuwa nimeweka pampu. Wakaniambia nitoe niweke kipaza sauti.” “Ulitoa saa ngapi?” “Wakati mheshimiwa alianza.”)

(Watu wote walikigeukia kipaza sauti. Mheshimiwa naye alikitazama, kisha akakisogeza karibu zaidi na mdomo.)

Mabibi na mabwana, tusiingize siasa katika masuala ya soketi. Samaki ni mnyama wa majini, hewa aliizoea tangu uumbaji bila pampu. Je, Nzoia kuna pampu? Mto mzima ule, nani ameuwekea soketi? (Kijana nyuma: “Nzoia inatembea, bana! Hiyo tangi imekaa tu!”) Kijana, nitakuomba jina lako baadaye. Na wewe Bi Chepkorir, nakuelewa. Mimi ni mzazi. Lakini mradi ni mkubwa kuliko mtu mmoja.

(Bi Chepkorir: “Hao samaki si wangu peke yangu. Baba yangu tangu apigwe na kiharusi haongei. Anakaa sebuleni anaangalia hao samaki tu. Mkono wake wa kulia ulikuwa umekufa. Siku moja akauinua kunionyesha yule mkubwa. Hiyo ndiyo siku ya kwanza ulisogea, mheshimiwa. Asubuhi mlipobeba tangi aliangalia ile nafasi tupu mpaka nikashindwa kukaa ndani. Nilimwahidi wanarudi mchana. Nifunulie tafadhali.”)

(Mama Nduta, mwenye shuka, alisema: “Mimi shuka langu nimeruhusu litolewe.” Haikuandikwa kwenye ratiba.)

Asante, mama, kwa ushuhuda huo mzito. Ushuhuda kama huo ndio unaotuombea ufadhili. Vivian, hakikisha umeandika mambo ya mkono. (Nimeandika.) Mzee Kimaiyo, baba yake Bi Chepkorir, popote ulipo, mradi unakutambua. Na ninayo habari njema ya kumfariji binti yako: huduma ya samaki hawa haitakomea Kiminini. Mgeni akishafunua hapa, tangi linapakiwa kwenye pikapu, na saa kumi jioni linazinduliwa tena Bungoma mjini, mbele ya afisi zetu za huko; kesho Webuye, keshokutwa Kimilili, na Ijumaa linarudi Kitale kwa tathmini ya kati. Samaki watatu, maeneo matano, wiki moja! Nani tena katika kanda hii ametoa huduma kwa kasi hiyo? (Bi Chepkorir alirudi polepole kwenye kiti chake. Chini ya kiti, toka asubuhi, palikuwa na ndoo nyeupe yenye kifuniko. Nilidhani ni maziwa.)

(Nilimpa karatasi ya pili.)

Naarifiwa kwamba mgeni wa heshima ameondoka Moi's Bridge! (Makofi.) Yuko mbio. Barabara ni mbovu, malori ni mengi, na mwenye safari ni wa kuombewa. Pasta Ngari, njoo utuongoze. Tusimame sote, tufumbe macho, tumwombee mgeni wetu safari njema. Kofia ziondolewe. Macho yafumbwe kabisa, hata watoto.

(Pasta Ngari aliomba dakika kumi na moja. Aliombea barabara, dereva, tairi za mbele, tairi za nyuma, malori yanayotoka mkabala, familia ya dereva, na mahindi ya msimu huu. Wote walifumba macho. Mimi nilifumba jicho moja. Nilisikia maji yakimwagika kidogo, kisha pikipiki ikiwaka nyuma ya choo. Amina.)

Amina! Mnahisi? Nimehisi kitu kimepita hapa. (Tulikihisi.) Viti, tafadhali. Naona Bi Chepkorir hayupo, nadhani amekwenda kujipamba kwa ajili ya picha, na hiyo ni dalili ya uwezeshaji. Basi nimalizie sehemu yangu ya pili kati ya saba, inayohusu mwanga. Kijitabu kinasema tangi lisiwekwe dirishani wala juani, kwa kuwa maji yatapata joto na mwani utaota. Sisi tumelizingatia hilo kwa kulifunika shuka likiwa juani. Kuhusu lishe, kijitabu kinasema chembe ndogo mara moja kwa siku, kiasi samaki anachomaliza kwa dakika mbili. Kamati ya mapokezi, kwa kufuata ukarimu wetu, iliwapa mandazi. Nusu andazi kila mmoja. Hakuna mgeni atakayesema alifika kwetu akalala njaa. (Mama Nduta aliinamisha uso.)

(King'ora barabarani. Magari matatu meusi yalitoka upande wa Kitale, yakapita kituo cha Kiminini bila kupunguza mwendo, yakaendelea upande wa Webuye. Vumbi. Nilimpa karatasi ya tatu.)

Naarifiwa kwamba mgeni wa heshima amepita. Ameamua, kwa busara zake, kuanza na Bungoma. Hili lilikuwa ndani ya mpango. Kwa hivyo, kwa mamlaka niliyojipa, na kwa kuwa tangi linatakiwa Bungoma sasa hivi, nitalifunua mimi mwenyewe. Vivian, picha. Moja. Mbili. Tatu!

(Alifunua. Ndani ya tangi palikuwa na maji safi kabisa, povu kidogo la sabuni, na vipande vya mandazi. Samaki hawakuwemo. Watu walisogea mbele kuhakikisha. Kijana wa nyuma: “Aisee, wameenda!” Kisha kicheko, kikubwa kuliko vyote vya siku ile, na hiki hakikuisha mapema.)

Ndugu zangu. Ndugu zangu! Utulivu. Kwa miaka mingi mmelalamika kwamba miradi haina uwazi. Tazameni. Je, mmewahi kuona uwazi kuliko huu? Unaona mpaka upande wa pili, unamwona Pasta Ngari. Kukosekana kwa samaki katika awamu hii ni fursa, kwa sababu tangi lisilo na samaki halihitaji pampu, halihitaji chujio, halihitaji kubadilishiwa maji, na kwa mara ya kwanza gharama za kuliendesha zimeshuka hadi sifuri. Hayo ni mafanikio na yataingia kwenye ripoti kama mafanikio.

Kwa hivyo nifunge kwa shukrani, maana asiyeshukuru kidogo hata kikubwa hashukuru. Namshukuru Mama Nduta kwa shuka. Nalishukuru kanisa kwa viti, hema na uwanja. Namshukuru Bwana Mbugua kwa jenereta na soketi. Namshukuru Bi Chepkorir kwa tangi, kwa meza ya tangi, kwa chujio, kwa pampu, kwa changarawe, kwa kijitabu nilichosomea, na kwa wale samaki watatu aliotuazima, kwani bila yeye tusingekuwa na chochote, na kwa kweli... (Nadhani alikuwa akihesabu.) ... kwa kweli tukishamrudishia tangi, mradi utabaki na nembo. Tangi la mradi hatujawahi kununua. Kitale walidhani Bungoma wananunua, na Bungoma walidhani Kitale wananunua, na mimi nilikuwa warshani. Lakini nembo ni nzuri sana.

Semeni nami: Samaki sebuleni! (Watu walilitazama tangi.) Samaki sebuleni! (Mtoto mmoja: “Hoyee!” Mamaye alimfunga mdomo.) Kitale na Bungoma! (Upepo.)

(Nilimpa karatasi ya nne. Ilikuwa ujumbe uliokuja kwenye simu yangu, nami nikaunakili bila kumwambia umetoka kwa nani.)

Na kabla hatujaachana, nimeletewa salamu, bila shaka za pongezi kutoka Bungoma, nami nitawasomea kwa heshima zake. Zinasema: “Wawili wanaogelea. Yule mkubwa alikuwa amelala ubavu, nimemshikilia kwa maji yaliyolala, sasa anapumua. Baba amemwona. Ameinua mkono tena. Tangi nitalifuata mwenyewe, na gari lenu lisikanyage kwangu. Chepkorir.”

(Makofi. Hema zima, na waliokuwa juani. Mama Nduta alilia waziwazi. Mheshimiwa alidhani ni yake, akainama kushukuru, kisha akaisoma tena kimoyomoyo, akaikunja karatasi ikawa ndogo, ndogo zaidi, akaitia mfukoni.)

Asanteni sana. Mungu awabariki. Mbugua, zima hiyo kitu. Na wewe Vivian, hiyo karatasi ya mwisho usiiandike.

(Nimeiandika.)